Agizo la Biblia: Neno kwa Neno au kwa Muktadha? Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Maswali ya wanaoanza kusoma Biblia kwa makini hayabadiliki sana. Biblia inakataza tatuu? Mwanamke akiomba bila kufunika kichwa anakosea? Yesu alimwambia mtu auze alivyo navyo vyote, mbona hakuna anayeuza? Na majibu wanayopewa ni mawili tu. Mmoja anasema "imeandikwa, tii." Mwingine anasema "hayo yalikuwa ya wakati wao, achana nayo." Wote wawili wamekwepa kazi ya kusoma.

Chini ya majibu hayo kuna kosa moja: kudhani kwamba baadhi ya maagizo yana muktadha na mengine hayana. Kila agizo lina muktadha, hata "Usiibe." Ukiupitia vizuri, mara nyingi utakuta unatakiwa kutii kama ilivyoandikwa. Mara nyingine utakuta shabaha ya agizo ipo pale pale ila umbo lake limebadilika. Na mara chache utakuta lilikuwa agizo la mtu fulani, naye alishalitekeleza.

Kama kuna aliyekuambia kwamba kuuliza hivi ni kupungukiwa imani, msomee 1 Wakorintho 5:9-11. Paulo alikuwa amewaandikia Wakorintho wasichangamane na wazinzi. Katika barua hii inabidi afafanue: hakuwa na maana ya wazinzi wote wa dunia, maana hapo ingewalazimu watoke duniani. Alimaanisha mtu aitwaye ndugu huku akiishi hivyo. Mwandishi mwenyewe anakataa maneno yake yabebwe nje ya kusudi lake.

## Vya kuandaa

- Biblia mbili za tafsiri tofauti. Kwa Kiswahili, Union Version na Habari Njema zinatosha: ya kwanza hufuata kwa karibu mpangilio wa maandiko ya asili, ya pili ni ya lugha nyepesi. Zinapotofautiana sana, weka alama. Hapo ndipo pa kupunguza mwendo.
- Marejeo, yaani zile rejea ndogo za pembeni au chini ya ukurasa. Kama Biblia yako haina, tumia itifaki, yaani kitabu kinachoorodhesha mahali kila neno linapopatikana katika Biblia, au programu ya simu inayotafuta neno.
- Daftari. Kwa kila agizo andika vichwa vitano na uache nafasi chini ya kila kimoja: Nani anasema. Anamwambia nani. Kwa nini. Kwa usemi gani. Kwingineko.
- Kitabu cha ufafanuzi, kama unacho. Kifunge hadi hatua ya 6. Ukianza nacho utasoma Biblia ukitafuta alichokwisha kukuambia mwandishi wake.

Fanya agizo moja tu kwa kikao kimoja.

## Hatua

1. Soma kipande kizima.
Namba za mistari si za waandishi. Mgawanyo wa mistari tunaoutumia katika Agano Jipya ulitoka kwa mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551, kwa hiyo barua ya Paulo ilisomwa karne nyingi bila mtu kuweza kunyofoa "mstari wa 34" na kuubandika ukutani.

Barua isome yote kwa mkao mmoja. Wafilipi ina mistari 104 na haikuchukui nusu saa. Sheria za Musa zianzie pale "BWANA akanena na Musa" ya karibu inapotangulia, uende hadi nyingine kama hiyo. Kwenye Injili soma kisa kizima pamoja na kilichokitangulia. Mithali ndiyo inayojitenga: kuanzia sura ya 10 misemo mingi inasimama yenyewe, hivyo soma jirani zake tu.

Ona faida yake katika 1 Wakorintho 14:34, wanawake wanyamaze katika kanisa. Ukisoma sura nzima unakuta watu wa makundi matatu wanaambiwa wanyamaze: anenaye kwa lugha asipokuwepo wa kufasiri (mst. 28), nabii ambaye mwenzake amefunuliwa neno (mst. 30), na wanawake (mst. 34). Ukirudi nyuma hadi 11:5 unakuta wanawake wa kanisa hilo hilo wakiomba na kuhutubu, na Paulo anazungumzia vichwa vyao, si vinywa vyao. Hitimisho lolote utakalofikia, la kukaza au la kulegeza, ni lazima libebe mistari yote hiyo. Lisipoweza, lina kasoro.

2. Hakikisha ni agizo kweli.
Gideoni alianika ngozi ya kondoo apate ishara (Waamuzi 6:36-40). Hakuna mahali tunapoambiwa tufanye hivyo. Ni habari ya alichofanya Gideoni. Hotuba za rafiki za Ayubu zimo katika Biblia, na bado Mungu anawakemea kwamba hawakunena yaliyo sawa (Ayubu 42:7). Kwa hiyo uliza tu: nani anasema, na je, andiko lenyewe linamuunga mkono?

3. Andika aliyeambiwa.
Paulo anamwagiza Timotheo amletee joho alilomwachia Karpo kule Troa (2 Timotheo 4:13). Ni agizo, limo katika Maandiko, na hakuna anayelitafuta joho hilo leo. Isaya aliambiwa avue nguo na viatu akatembea hivyo miaka mitatu (Isaya 20:2-3), na maana ya ishara hiyo imeelezwa hapo hapo.

Mara nyingine wasikilizaji ni wale wale ila safari imebadilika. Katika Mathayo 10:5-10 wale kumi na wawili wanakatazwa kwenda kwa Mataifa na kubeba mkoba. Katika Luka 22:35-36 Yesu mwenyewe anawakumbusha safari ile, kisha anawaambia sasa aliye na mfuko na auchukue. Katika Mathayo 28:19 wanatumwa kwa mataifa yote. Mtu akishika sura ya 10 peke yake atawakataza wenzake kazi waliyoamriwa kwenye sura ya 28.

Tahadhari: hatua hii ndiyo inayotumiwa zaidi kutoroka. Chukua yule tajiri wa Marko 10:21 aliyeambiwa auze alivyo navyo. Jibu la haraka ni kwamba hilo lilikuwa lake peke yake, na ushahidi upo: Zakayo alitoa nusu ya mali na akaambiwa wokovu umefika nyumbani mwake (Luka 19:8-9). Ila hujamaliza. Katika Luka 12:33 wanaoambiwa "Viuzeni mlivyo navyo, mtoe sadaka" ni wanafunzi. Andika yote mawili daftarini. Kipimo cha kutoa hakikuwa kimoja kwa wote, lakini mwito wenyewe haukuwa wa tajiri yule peke yake.

4. Tafuta sababu ndani ya maandiko.
Kaa hapa muda mrefu kuliko kwingine. Tafuta maneno kama "kwa kuwa," "ili," "usije," "kwa ajili ya." Sababu ikipatikana, nusu ya kazi imeisha.

Kumbukumbu la Torati 22:8 linaagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, yaani paa. Sababu iko ndani ya mstari: mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Kwa nini mtu awe juu ya dari? Kwa sababu nyumba zao zilikuwa na dari tambarare na watu waliishi huko juu. Rahabu aliwaficha wapelelezi darini (Yoshua 2:6), Samweli alizungumza na Sauli darini (1 Samweli 9:25), na Petro alipanda darini kuomba (Matendo 10:9).

Paa lako likiwa la mteremko, ukuta ule haumlindi mtu yeyote. Mwenye kusoma herufi tu atajenga ukuta usio na kazi, na mwenye kusema "hiyo ni ya kale" atalala usingizi huku ngazi yake haina kishikio. Sasa hakiki kama sababu uliyoiona ni ya kweli kwa kuitafuta kwingine: Kutoka 21:33-34 linamtoza mwenye shimo asilolifunika, ng'ombe au punda akitumbukia. Shabaha ni ile ile: hatari uliyoitengeneza kwako ni dhima yako. Hiyo unaweza kuitii leo mchana, ukianza na kisima kisicho na mfuniko na waya wa umeme uliochunika.

Biblia yenyewe hutumia njia hii. Kumbukumbu la Torati 25:4 linakataza kumfunga ng'ombe kinywa anapopura nafaka. Paulo anaichukua shabaha, kwamba anayefanya kazi ale matunda ya kazi yake, na kuipeleka kwenye haki ya mhubiri kutunzwa (1 Wakorintho 9:9-14, tena 1 Timotheo 5:18).

Sababu isipotajwa, andika "haikutajwa." Usiitunge. Kutoka 23:19 linakataza kumtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mamaye, na halisemi kwa nini. Maelezo mengi yametolewa; yabaki kuwa makisio.

5. Tambua aina ya usemi.
Sheria, mithali, shairi, unabii, barua na mfano havisomwi kwa namna moja. Mithali 26:4 inasema usimjibu mpumbavu kwa kadiri ya upumbavu wake, na mstari wa 5 unasema mjibu. Zimewekwa bega kwa bega makusudi: mithali hukupa busara, na wewe unatakiwa kujua wakati wake.

Yesu alitia chumvi katika usemi, kama walimu wa wakati wake. Kung'oa jicho (Mathayo 5:29) ni mubalagha, na dalili iko hapo hapo: mstari uliotangulia umeshasema tamaa iko moyoni, na kipofu naye ana moyo. "Kumchukia" baba na mama (Luka 14:26) kumesemwa kwa namna nyingine katika Mathayo 10:37, kumpenda baba au mama kuliko Kristo. Na yeye aliyesema hayo aliwakemea waliotumia sadaka kama kisingizio cha kutowasaidia wazazi (Marko 7:9-13). Madhara ya kukosea hapa si ya kinadharia. Eusebio, mwanahistoria wa kanisa wa karne ya 4, anaandika kwamba Origeni, mwalimu wa kanisa la kale, kijanani alijihasi kwa kuufuata Mathayo 19:12 neno kwa neno.

Shavu la pili (Mathayo 5:39) linahitaji jicho la karibu. Andiko linataja shavu la kuume. Mpigaji wa mkono wa kulia akikupiga shavu la kuume, amekupiga kwa mgongo wa mkono, na pigo hilo lilikuwa la kudhalilisha. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi wa karibu mwaka 200, unatoza zuzi (sarafu za fedha) 200 kwa kofi la kawaida na 400 kwa la mgongo wa mkono. Kisha tazama alivyofanya Yesu mwenyewe alipopigwa mbele ya kuhani mkuu: alimuuliza mpigaji kwa nini anampiga (Yohana 18:22-23). Kwa hiyo agizo linakataza kulipiza tusi. Halikatazi kuuliza, kushitaki wala kuondoka. Anayelitumia kumrudisha mtu kwenye nyumba anamopigwa amelibeba nje ya lilikosemwa.

6. Lifuatilie kwingineko.
Tumia marejeo. Unatafuta mambo matatu: limerudiwa, limebadilishwa, au limewekewa mipaka? Vyakula vya Walawi 11, kwa mfano, vinapita Marko 7:19, maono ya Petro katika Matendo 10, kisha uamuzi wa Yerusalemu katika Matendo 15:29, ambao uliwaachia watu wa Mataifa mambo manne tu ya kujiepusha nayo. Sasa ndipo ufungue kitabu cha ufafanuzi, ukiwa na daftari lililojaa.

7. Andika uamuzi kwa sentensi moja inayoanza na kitendo.
Chagua moja: (a) nalitii kama lilivyo, (b) naitii shabaha yake kwa umbo hili, (c) lilikuwa lao, nami linanifundisha hili. "Nalielewa kwa muktadha" si uamuzi. "Naweka kishikio kwenye ngazi" ni uamuzi.

8. Jipime kwa agizo unalolipenda.
Walawi 19:18 ni "umpende jirani yako kama nafsi yako." Mstari unaofuata unakataza vazi la nyuzi za namna mbili. Ukisema wa 19 umepita kwa sababu ni torati ya Israeli, eleza kwa nini wa 18 haujapita, na usijibu "kwa sababu ni mzuri." Jibu lipo: umerudiwa na Yesu (Mathayo 22:39), Paulo (Warumi 13:9) na Yakobo (2:8). Lakini ni lazima ulitafute, na kwa kipimo kile kile.

## Mfano kamili: tatuu

Agizo: Walawi 19:28, kutochanja chale kwa ajili ya wafu, wala kuandika alama mwilini.

Nani anasema: Mungu, kupitia Musa. Anamwambia nani: mkutano wote wa wana wa Israeli (19:2). Kwa nini: nusu ya kwanza inataja wafu, na Yeremia 16:6 inaonyesha kwamba kujichanja katika msiba lilikuwa jambo lililojulikana, Kumbukumbu la Torati 14:1-2 linaongeza kwamba wao ni watu watakatifu wa BWANA. Usemi: sheria, si mafumbo. Kwingineko: manabii wa Baali wanajichanja katika 1 Wafalme 18:28, Agano Jipya halilirudii agizo hili.

Sasa mahali penye ubishi wa haki. Maneno "kwa ajili ya wafu" yako katika nusu ya kwanza tu. Wapo wanaosema yanatawala mstari wote, na wapo wanaosema alama zimekatazwa zenyewe. Anayeshika msimamo wa pili anadaiwa maelezo ya mstari wa 27, kuhusu kunyoa pembe za ndevu, kama ananyoa. Anayeshika wa kwanza anadaiwa sentensi ya hatua ya 7. Ya kwake inaweza kuwa: "Siuwekei mwili wangu alama ya kuabudu, kuzindika wala kuomba wafu." Hiyo inagusa mengi zaidi ya tatuu, hirizi zikiwamo.

## Ukikwama

Mistari miwili inagongana. Rudi hatua ya 3. Mara nyingi wasikilizaji au wakati ni tofauti. Kama ni mithali, rudi hatua ya 5.

Umepata maelezo ya kihistoria yanayomaliza ugumu wote. Yatilie shaka. Maarufu kuliko yote ni ile "tundu ya sindano" ya Mathayo 19:24 inayodaiwa kuwa lango dogo la Yerusalemu ambalo ngamia alipita akipiga magoti. Hakuna ushahidi wa kale wa lango hilo, na maelezo hayo yanaua jibu la Yesu: kwa wanadamu hilo haliwezekani (Mathayo 19:26). Ngamia akipita kwa kupiga magoti, limewezekana.

Kila agizo gumu linaangukia kundi (c). Tatizo ni msomaji. Chukua matatu ya mwisho, uyarudie, safari hii ukianza na hatua ya 6.

Makanisa yanatofautiana. Kutawadha miguu (Yohana 13:14-15) Waadventista hufanya kabla ya meza ya Bwana, Wakatoliki hufanya Alhamisi Kuu, na wengi huchukua shabaha ya utumishi tu. Kufunika kichwa ni vivyo hivyo. Soma Warumi 14 kabla ya kubishana, kisha fuata dhamiri yako bila kumfanya mwenzako mtuhumiwa. Ukiwa mgeni kanisani kwao, kufuata utaratibu wao hakukupunguzii kitu.

Agizo linatumiwa kukudhuru. Ukiambiwa uache dawa, ukabidhi mali yote kwa mtu mmoja, au uvumilie kipigo kwa sababu ya mstari, usiamue ukiwa peke yako na aliyekuambia. Endelea na dawa, kaa mahali salama, ndipo upitie hatua ukiwa na mtu mwingine unayemwamini. Paulo alimshauri Timotheo mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Hakumwambia aache tiba.

Mstari uko ndani ya mabano, au una maelezo ya chini. Yasome hayo maelezo kwanza. Marko 16:9-20, penye kushika nyoka, hapamo katika nakala mbili kongwe zenye Marko yote, Sinaiticus na Vaticanus, ambazo zinaishia 16:8. Hata ukikipokea kipande hicho, kinasema ishara zitafuatana na waaminio. Hakimwamuru mtu akatafute nyoka. Paulo aling'atwa akiwa anatia kuni motoni (Matendo 28:3).